Aliyeachiwa Huru Aitwe Nani? Uhakiki wa Maneno na Picha za Uhalifu

Kila mwenye kazi ya kutafsiri hati za mahakama anafahamu kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kumwita mtu anayehusishwa na kosa. Tunaye mshukiwa, mtuhumiwa, mshtakiwa, mahabusu, mkosaji, mhalifu na mfungwa. Tunaye pia mwizi, kibaka, mnyang'anyi, jambazi, tapeli na mlanguzi. Lakini mtu huyo huyo akifikishwa mbele ya hakimu, ushahidi ukasikilizwa, na hakimu akaona kwamba hana hatia, tumwite nani? Hapo ghala letu lililokuwa limejaa huonekana tupu. Hatuna jina lake. Tunasema tu kwamba "ameachiwa huru", na maneno hayo hayo tunayatumia kwa mfungwa aliyesamehewa na Rais hali kosa lake lilithibitika.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upungufu huu si wa orodha za istilahi peke yake. Ni alama ya jinsi umma unavyofundishwa kuufahamu uhalifu na magazeti, redio, televisheni na sasa simu za mkononi. Habari huanza na picha ya mtu aliyekamatwa, na aghalabu huishia hapo hapo. Lugha nayo imeota maneno mengi pale habari inapoanza, na machache mno pale haki inapokamilika.

Tumechagua kuitazama habari hii kutoka Lushoto kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Lushoto ndipo kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Maneno yanayofundishwa katika chuo hicho hushuka mlimani hadi mahakama za nchi nzima. Ya pili ni kwamba Usambara ina kumbukumbu ndefu ya watu walioitwa wakosaji, na katika kumbukumbu hiyo twaweza kuona wazi jinsi jina la kosa linavyotoka katika kinywa cha mwenye kusimulia.

Mkosaji aliyehama nchi

Tuanze na kitabu ambacho walimu wengi wa fasihi wanakifahamu, Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Kilianza kupigwa chapa kwa sehemu katika miaka ya 1890, na kikatolewa tena mwaka 1962. Kitabu hiki husomwa kama historia ya ukoo wa watawala wa Usambara, na ndivyo kilivyo. Lakini msomaji wa istilahi akikifungua atakuta kwamba kinaanza na mtu aliyetuhumiwa.

Mbega, aliyekuja kuwa mtawala wa kwanza wa ukoo huo, alizaliwa Ngulu akiwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Kwa desturi ya mahali na wakati ule, kigego alikuwa mtoto wa nuksi. Ndugu walipokufa, vifo vilihesabiwa juu yake, naye akanyimwa haki ya urithi. Hakuna kosa alilotenda. Palikuwa na alama tu katika kinywa chake, watu wakaisoma kama ushahidi. Akahama na mbwa wake wa kuwindia, akapita Kilindi na nchi nyingine, mpaka akafika Usambara. Huko hapakuwa na mtu aliyeyajua meno yake. Watu walimjua kwa nguruwe aliowaua mashambani mwao na kwa nyama aliyowagawia. Alipomuua simba walimtawaza Vuga.

Jambo la kuzingatia ni hili: Mbega hakusafishwa na mtu yeyote. Hapakuwa na baraza lililokaa Ngulu likasema kwamba tuhuma zile hazikuwa za kweli. Ilimpasa avuke mpaka ili apate jina jingine. Mtuhumiwa wa leo ambaye picha yake imechapwa gazetini hana njia hiyo, kwa sababu hakuna mlima ambao picha haiupandi.

Kosa la mteremko

Mfano wa pili ni wa siku za karibu zaidi, na wazee wengi wa Mlalo walirithishwa habari zake na wazazi wao. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, ambao baadaye ulienezwa katika sehemu nyingine za Usambara. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta katika mashamba ya miteremko. Asiyechimba alihesabiwa kuwa amevunja sheria, akatozwa faini, na asiyelipa aliweza kufungwa. Watu walipinga kwa sababu kazi ilikuwa nzito na haikuwa na ujira, tena walihofia kwamba mwisho wake ni kupokonywa ardhi. Upinzani huo uliwavuta wengi katika chama cha TANU, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa.

Hapa picha haikuwa ya uso wa mtu. Ilikuwa ni sura ya kilima. Ofisa aliyesimama barabarani akitazama shamba la mahindi lisilo na matuta aliuona udongo unaotiririka, na papo hapo akamwona mharibifu. Mkulima aliyeinama katika shamba hilo hakujiona mharibifu. Kishambaa kina misemo miwili mikubwa katika mambo haya: kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, yaani kuiponya au kuitengeneza nchi. Misemo hiyo haikuwa ya kuwasema wakulima wadogo. Ilikuwa ya kuwapima watawala. Wakuu wakigombana, mvua ikikatika na njaa ikaingia, ilisemwa kwamba nchi imeharibiwa, na waliokuwa na jukumu la kujibu ni wale waliokaa Vuga.

Basi katika mteremko mmoja zilikutana lugha mbili za uhalifu. Lugha ya serikali ilimwita mkulima mharibifu wa ardhi. Lugha ya mkulima iliwauliza wenye madaraka kwa nini wanaiharibu nchi. Iliyoandikwa katika hati za mashtaka ni ile ya kwanza. Hatusemi kwamba mmomonyoko haukuwapo, maana udongo ulikuwa ukishuka kweli na mpaka leo unashuka. Tunasema kwamba mwenye kuishika hati ndiye aliyechagua neno, na neno likachagua mkosaji.

Mlanguzi na mfanyabiashara

Baada ya Uhuru maneno yalibadilika, lakini mwendo wake haukubadilika sana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililetea lugha ya siasa msamiati wenye nguvu: mnyonyaji, kupe, mirija. Hayo yote ni maneno ya picha. Mtu akisikia "kupe" haoni hesabu za duka. Anamwona mdudu aliyevimba kwa damu ya ng'ombe. Kwa kueleza mfumo wa uchumi, picha hiyo ilikuwa na kazi yake. Hatari ilikuwa pale picha ya mfumo ilipobandikwa juu ya jirani mwenye jina na anwani.

Hatari hiyo ilionekana mwaka 1983, wakati Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Nchi ilikuwa katika dhiki. Sabuni, sukari na nguo zilikuwa adimu, na ulanguzi ulikuwapo kweli. Sheria Namba 9 ya mwaka huo iliunda baraza maalumu la kusikiliza kesi hizo, na washtakiwa hawakuruhusiwa kuwakilishwa na mawakili. Mwaka uliofuata sheria hiyo ilifutwa, ikawekwa Sheria Namba 13 ya 1984, na kesi zikarudishwa katika njia ya Mahakama Kuu. Yaani Bunge lenyewe lilikubali kwamba utaratibu wa kwanza haukufaa. Lakini neno halikufutwa pamoja na sheria yake. Aliyekwisha kutangazwa kuwa mhujumu uchumi alibaki na jina hilo mtaani, kwa maana hakuna gazeti linalochapa ukurasa wa kuondoa jina.

Tulichukue neno "mlanguzi" tulipeleke Lushoto. Kulangua ni kununua vitu kwa wingi ili kuviuza kwa faida kubwa. Mtu anayepanda na lori hadi Lukozi au Malindi, akanunua kabichi, viazi na karoti kwa wakulima, akazishusha kwa barabara ya Soni na Mombo hadi masoko ya Dar es Salaam, ni nani? Katika msamiati wa mwaka 1983 alikuwa hatarini kuitwa mlanguzi. Baadaye masharti ya biashara yalipolegezwa, mtu yule yule, kwa lori lile lile na kabichi zile zile, akawa mfanyabiashara. Kitendo hakikubadilika. Kilichobadilika ni sera, na sera ikabadilisha jina. Mtafsiri anayekutana na neno "mlanguzi" katika hati ya miaka ile hana budi kujiuliza kama hati inataja kosa lililoelezwa na sheria au inamtukana mtu tu.

Riwaya na gazeti

Tusiwaonee waandishi wa habari peke yao. Picha ya mhalifu waliyo nayo wasomaji wetu imetoka pia katika riwaya za upelelezi, ambazo zimepata wasomaji wengi kuliko maandishi yoyote ya sheria. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla iliyotoka mwaka 1965, na Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeingia katika Kufa na Kupona mwaka 1974, wote walitufundisha kufuata nyayo, kushuku na kungoja ufumbuzi.

Hata hivyo riwaya hizo zina adabu moja ambayo gazeti limeipoteza. Katika riwaya mhalifu hujulikana mwishoni, baada ya wengine kushukiwa bure, na msomaji huona aibu kidogo kwa kuwa alimdhania asiye na kosa. Tena mwandishi wa riwaya ana haki ya kumjua mhalifu, kwa sababu ndiye aliyemuumba. Mwandishi wa habari hana haki hiyo. Lakini habari za uhalifu huanza pale riwaya inapomalizia: mstari wa kwanza umekwisha kumtaja mwizi, na picha iliyo juu yake imekwisha kumwonyesha.

Tangu televisheni ianze Tanzania Bara mwaka 1994, mandhari ya habari hizi yamekuwa kama ibada. Watu wameketishwa chini au wamesimamishwa mstari mmoja. Mbele yao pamepangwa vitu vinavyosemwa kuwa viliibwa. Kamanda anasoma taarifa. Mtangazaji pengine atasema "watuhumiwa", naye atakuwa amesema sawasawa. Lakini jicho halisikii. Mtu aliyeketishwa chini, mikono yake imefungwa, na nyuma yake yupo askari mwenye bunduki, amekwisha kuhukumiwa na picha kabla neno halijamfikia. Simu ya mkononi imeongeza jambo moja: picha inaweza kusafiri bila neno lolote, au kwa neno lililoandikwa na mtu asiyejua lolote.

Lugha yetu nayo ina methali zinazoisaidia picha. Husemwa kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Na kwamba pafukapo moshi pana moto. Ni hekima nzuri kwa mtu anayejihadhari na hatari. Katika kiti cha hukumu ni sumu, kwa sababu zinageuza uvumi kuwa ushahidi.

"Wananchi wenye hasira kali"

Tuje sasa kwenye kifungu cha maneno ambacho kwa maoni yetu kimefanya madhara kuliko vingine vyote. Mara nyingi msomaji wa magazeti ya Kiswahili hukuta sentensi ya namna hii: mwizi mmoja ameuawa na wananchi wenye hasira kali baada ya kupatikana na mali ya wizi. Tuipime sentensi hiyo kama tunavyopima istilahi.

Aliyekufa anaitwa mwizi. Hakushtakiwa, hakusikilizwa, hakutiwa hatiani. Wala hataweza kujitetea tena. Hata "mshukiwa" lingekuwa ni neno zito kwake, kwa kuwa mara nyingine aliyemshuku ni mtu mmoja aliyepiga kelele. Waliomuua wanaitwa wananchi, neno letu la heshima kuliko yote katika maisha ya taifa, neno la uraia na la kupiga kura. Tena hasira yao inatajwa kana kwamba ni sifa yenye kuwapunguzia lawama. Hivyo katika tukio ambalo kosa lililo wazi ni mauaji, jina la uhalifu limepewa maiti, na jina la heshima wamepewa wauaji. Kanuni ya Adhabu haikubaliani na sarufi hiyo. Kumuua mtu kwa makusudi ni kosa la mauaji, hata awe mwizi kweli.

Wenye kulaani vitendo hivi huongeza kosa jingine la lugha bila kujua. Husema kwamba watu "wamejichukulia sheria mkononi". Maneno hayo ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, na katika Kiswahili yanatoa maana iliyopinda: kwamba walichoshika ni sheria, ila tu wameishika wenyewe badala ya kuiachia polisi. Hawakushika sheria. Walishika mawe. Tunashauri magazeti yaseme waziwazi "mauaji ya umati", na wauaji waitwe "watu waliomuua", mpaka mahakama itakapowataja kwa jina la kosa lao.

Ngazi za istilahi

Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13 ambayo ni miongoni mwa haki zilizoongezwa mwaka 1984, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Kanuni hiyo haiwezi kutekelezwa katika lugha isiyozitenga hatua za kesi. Nasi tunayo maneno ya kuzitenga, tukitaka kuyatumia kwa utaratibu.

Mshukiwa na awe mtu ambaye polisi wana shaka naye tu. Mtuhumiwa na awe yule aliyetajwa katika malalamiko au aliyekamatwa, lakini bado hajafikishwa mahakamani. Mshtakiwa na awe yule aliyesomewa mashtaka. Mhalifu na mkosaji yawekwe akiba mpaka hukumu. Neno "mahabusu" linahitaji uangalifu, kwa sababu mara humtaja mtu na mara hutaja mahali, na wasikilizaji wengi hudhani kwamba aliyeko mahabusu amekwisha kufungwa. Mwandishi aongeze maneno mawili: "anayengoja kesi".

Sasa turudi kwenye swali tuliloanza nalo. Maneno "kuachiwa huru" yanabebeshwa mizigo minne. Mtu aliyepata dhamana husemwa ameachiwa. Kesi yake inaendelea. Mtu ambaye Mkurugenzi wa Mashtaka hataki tena kuendelea na kesi yake husemwa ameachiwa. Lakini anaweza kukamatwa tena. Mfungwa anayesamehewa tarehe 9 Desemba husemwa ameachiwa; hatia yake imebaki. Na yule ambaye hakimu amemwona hana hatia, naye ameachiwa tu. Msikilizaji wa Mtae au Bumbuli akilisikia neno hilo redioni atajuaje kama jirani yake anarudi nyumbani akiwa na deni kwa umma au akiwa hana?

Neno lenyewe lina kasoro katika shina. Kuachiwa ni kufunguliwa na aliyekushika. Ni hisani ya mwenye nguvu. Asiye na hatia hafanyiwi hisani, anarudishiwa kilicho chake. Kwa hiyo tunapendekeza vitenzi vinne vitengwe: kupewa dhamana, kufutiwa mashtaka, kusamehewa, na kuonekana hana hatia. Hatua ya mwisho isiandikwe kamwe kwa neno "kuachiwa" peke yake.

Je, tumuundie jina? Tumelifikiria jambo hili, na tunaungama kwamba maneno tuliyoyajaribu hayakuturidhisha. "Mtakaswa" lina harufu ya madhabahu. Mengine ni marefu kiasi kwamba hakuna mhariri atakayeyakubali katika kichwa cha habari. Kwa sasa twaona kwamba kirai "asiye na hatia" kinatosha, tena kina faida moja: kinamrudisha mtu katika hali ya watu wote, badala ya kumpa cheo kipya kitakachowakumbusha watu kesi yake. Pengine aliyeonekana hana hatia hastahili istilahi yoyote ila jina lake alilopewa na wazazi wake. Lakini tungependa kusikia maoni ya makarani na mahakimu, ambao huyatamka maneno haya mbele ya watu wenyewe.

Wajibu wetu

Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya istilahi za sheria ilianza zamani; Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilitoa orodha yake mwaka 1968, na Baraza limekuwa likisanifu maneno kwa miaka mingi. Lakini orodha hizo zilitungwa hasa kwa ajili ya kupata neno la Kiswahili lenye kulingana na neno la Kiingereza. Kazi iliyobaki ni kuyapima maneno hayo kwa kile yanachomtendea mtu anayeitwa kwayo.

Kwa walimu tunashauri zoezi moja rahisi. Chukueni gazeti la wiki, mpigie mstari kila jina alilopewa mtu katika habari za uhalifu, kisha mwulize darasa: ni nani aliyethibitisha? Kwa maofisa wa serikali wanaoandika taarifa za kuwapa waandishi, tunaomba neno "mtuhumiwa" lisiandikwe kwa ajili ya kujikinga tu, huku picha iliyoambatishwa inasema jingine. Na kwa watafsiri wenzetu, tunakumbusha kwamba neno moja lililochaguliwa kwa haraka mezani linaweza kumfuata mtu mpaka kijijini kwake.

Mbega alipata nchi nyingine ya kukimbilia. Kijana atakayetoka leo katika mahakama ya Lushoto, hukumu ikiwa mkononi, atapanda basi kurudi Mlalo kwa watu wale wale walioiona picha yake. Tukishindwa kumpa neno lililo wazi la kuwaambia, hukumu ile itakuwa imesomwa kwa ukuta.